Mwanasesere Wangu na Bibi wa Nambambo

Kila mtu na chake. Wapo wanaokesha na mpira wa Ulaya, wapo wenye jozi arobaini za viatu chini ya kitanda, na namfahamu meneja mmoja wa benki, mzito kweli kweli, anayefuga njiwa. Mimi nina wanasesere. Naam, umesoma sawasawa. Nina miaka 36, nina digrii ya mawasiliano, nahariri jarida hili ulilolishika mkononi, na nikirudi nyumbani jioni nawasha taa ya mezani na kumchora nyusi mwanasesere mwenye urefu wa sentimita 43.

Cheka kwanza, umalize. Halafu nisikilize, maana mwezi huu nataka nikupeleke Nambambo, wilayani Nachingwea, kwa bibi mzaa mama wa mume wangu. Huko ndiko mimi na mwenzangu tulikozungumza jambo ambalo tulikuwa tukilikwepa kwa miaka mitatu.

Si ule wa kumtupia mtoto

Ukisikia mdoli unafikiria ile ya plastiki ya Kariakoo, yenye macho ya bluu, mkono unakatika kabla Idi Pili haijaisha. Huyu ni mwingine. Mwili wake umetengenezwa kwa rezini, kitu kizito, baridi, kama kigae ukikigusa. Kila kiungo, kuanzia kifundo cha mguu hadi kiwiko, kina gololi inayokaa ndani ya kikombe chake. Ndani ni mtupu kama bomba, na lastiki imepita kuanzia shingoni hadi miguuni, imevutwa ikakaza. Lastiki hiyo ndiyo inayoshikilia kila kitu. Ukimkalisha anakaa. Ukimwekea mkono shavuni, mkono unabaki pale pale, kama mtu aliye na mawazo.

Raha yake ni kwamba haji akiwa amekamilika. Kichwa kinafunguka kama sufuria na mfuniko, unabadilisha macho unavyotaka. Wigi linavuliwa. Uso unaletwa mtupu, bila nyusi, bila rangi ya midomo. Wewe ndiye unayempa. Unasaga chaki za rangi, unapaka kwa brashi nyembamba, unapulizia vanishi isiyong'aa, unangoja ikauke, unarudia. Ukikosea unafuta, unaanza moja. Nimewahi kufuta nyusi za upande mmoja mara tisa usiku mmoja.

Historia yake ni ndefu kidogo. Miaka ya 1930 msanii wa Kijerumani, Hans Bellmer, alitumia viungo vya namna hii kwenye sanamu zake, baada ya kuona wanasesere wa mbao wa kale kwenye jumba la makumbusho mjini Berlin. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Japani ikatoa wanasesere wake iliowaita Super Dollfie, na hapo ndipo hobi hii ilipolipuka. Wakorea wakaingia, Wachina wakafuata. Wakubwa wana urefu wa kama sentimita 60, wa kati wanazidi 40 kidogo, wadogo wanacheza kwenye 30. Bei yake ni dola mia kadhaa, na hapo bado hujamlipa mtu wa usafirishaji wala ushuru.

Wengi wanaouzwa ni weupe. Wangu niliagiza wa rangi ya kahawia, nikangoja miezi minne. Nywele nilimtengenezea mwenyewe kwa rasta za kawaida za saluni, nikamsuka twende kilioni. Nguo zake nashona kwa vipande vya kitenge ninavyoomba kwa fundi wangu. Kwa nje ni hobi tu, kama hobi nyingine yoyote.

Sasa la ndani

Nilimwagiza wiki sita baada ya mimba yangu kuharibika. Ilikuwa ya miezi mitano. Sikuwa nimepanga kuliandika hili kwenye jarida ninalolihariri mwenyewe, lakini kila mwezi nawaomba ninyi mniandikie ukweli wa ndoa zenu, basi leo na mimi zamu yangu.

Watu walikuja, wakasema zile pole za kawaida. "Mungu atawapa mwingine." "Mbona bado vijana." Baada ya mwezi kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, mume wangu naye akarudi kazini, akawa anachelewa. Mimi nikapata sehemu ya kuweka mikono yangu. Ukiwa unachora kope kwa brashi yenye nywele tatu, huwezi kuwaza kitu kingine. Ukiwaza, mkono unatetemeka.

Mume wangu hakuwahi kunikataza. Hakuwahi hata kuuliza bei, na mnawajua wanaume na bei. Alikuwa anapita sebuleni kama vile kile kiti hakina mtu. Ila mara mbili niliamka asubuhi nikakuta mwanasesere amegeuziwa uso ukutani. Sikuuliza. Naye hakusema. Tuliishi hivyo, kwa heshima zote, kama wapangaji wawili wanaolipa umeme pamoja.

Halafu Oktoba iliyopita Bibi akapiga simu kwa simu ya jirani: "Mume wangu, mlete mke mwenzangu nimuone kabla sijafa." Ndiyo utani wao huo, bibi na mjukuu. Nami nikajua naenda kuulizwa kuhusu mtoto.

Kusini kuna njia yake

Tuliondoka Mbagala alfajiri. Ukitaka kuwapima wachumba, wapandishe basi la kusini. Zamani, wazee wanasimulia, masika yakikolea Rufiji ilikuwa inakata njia, unalala kivukoni na kuku wako. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 unavuka ukiwa unamenya chungwa. Nangurukuru tukanunua korosho, Mingoyo tukaiacha barabara ya Mtwara na kuingia bara: Nyangao, Ndanda na misheni zao za Wabenediktini, kisha Masasi na yale mawe makubwa kama tembo waliolala. Kutoka Masasi unapinda kwenda Nachingwea.

Nachingwea ina historia kubwa kuliko ukubwa wake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa. Matrekta hayakutosha, wakachukua vifaru vilivyobaki na vita, wakavigeuza kuwa matrekta. Wakajenga bandari Mtwara na reli mpaka huku. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini kata moja ya hapa inaitwa Stesheni mpaka leo. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO wakaweka kambi yao ya mafunzo hapa, na Samora Machel aliishi na askari wake kwenye ardhi hii hii kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975.

Mjini tukachukua bodaboda mbili mpaka Nambambo. Mimi begi la mwanasesere nililipakata kifuani. Nilikuwa nimepanga kumpiga picha chini ya mikorosho, maana nusu ya hobi hii ni picha. Mume wangu aliliangalia lile begi, akasema neno moja tu: "Naye?"

"Naye," nikajibu.

Amekufa!

Bibi alitupokea kwa shikamoo zetu na marahaba zake, akatuletea ming'oko ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili. Kama hujala ming'oko, ni viazi vya porini vyembamba kama vidole, vinachimbwa msituni, na watu wa Lindi na Mtwara wakiwa Dar wanaviota usingizini. Usiku ule hakuuliza kitu. Nikalala nikiwa nimejiandaa na majibu yangu yote.

Asubuhi nikatoka na mwanasesere wangu, nimemvalisha kanga ndogo. Msimu ulikuwa wa korosho. Chini ya miti mabibo mekundu na ya njano yamedondoka, watoto wanayafyonza, maji yanatiririka mpaka kwenye viwiko. Walipomwona mwanasesere, mabibo yakatupwa. Wakanizunguka kumi, kumi na tano. Nikataka kuwaonyesha anavyokaa. Nikamkunja magoti.

Pa!

Lastiki ikakatika. Msomaji, hujaona kitu kibaya kama hicho. Mtu mzima anaachia mara moja, miguu huku, mikono kule, kichwa kinabingirika kwenye udongo mwekundu mpaka kwenye shina la mkorosho. Watoto wakapiga kelele wakatimua mbio, na kasichana kamoja kakawa kanalia: "Amekufa! Mtoto wa mama wa Dar amekufa!"

Nilikaa chini pale pale. Nililia kwa sauti, mbele ya majirani, nikiwa na suruali yangu ya kadeti na simu mkononi. Sikulia hivyo hospitalini. Hospitalini nilikuwa mstaarabu.

Bibi alikuja polepole na fimbo yake. Hakuniambia nyamaza. Aliinama, akaokota kipande kimoja kimoja, akakipuliza vumbi, akakiweka kwenye kanga yake. Aliporidhika kwamba vimetimia akakaa karibu yangu mkekani, akachukua goti moja, akalizungusha kwenye mwanga.

"Aliyemtengeneza huyu anajua goti," akasema. Halafu akauliza: "Anaitwa nani?"

Nikamwambia hana jina.

Akamgeukia mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. "Wewe, mume wangu, usimame hapo kama mkorosho? Nenda kwa fundi baiskeli, kalete mpira."

Mtoto wa gunzi

Tulipobaki wawili, Bibi akavuta gunzi kwenye kapu la kuwashia moto, na vitambaa. Mikono yake inatetemeka akishika kikombe cha chai, lakini gunzi haikutetemeka nalo. Akakunja kitambaa kikawa kichwa, akakifunga kwa uzi. Mikono akaweka bua la mtama, hakulibana sana, akaacha lichezecheze kwenye uzi. Wakati wote anazungumza, macho yako kwenye kazi.

"Sisi tulikuwa tunabeba hawa mgongoni," akasema. "Tunawaogesha, tunawakaripia. Mama akipita anakuuliza, mwanao amekula? Wala hacheki."

Nikataka kumdadisi kuhusu unyago, maana kusini huwezi kukwepa habari hiyo, na mimi uandishi umeniharibu. Akaniangalia tu. "Ya ndani yanabaki ndani," akasema, na nikafunga mdomo. Ninayoandika hapa ni yale yaliyokwishachapishwa vitabuni. Wazaramo wa Pwani wana mwana hiti, mwanasesere mdogo wa mti asiye na mikono wala miguu, mwenye nywele zilizochongwa kama vishungi viwili. Mwali akiwekwa ndani hupewa amtunze kama mtoto, amuogeshe na kumpaka mafuta, naye ndiye huja kuwa mama. Ghana wana akuaba wao, kichwa cha duara kama sahani, hubebwa na mwanamke mzima anayetamani mtoto. Na mtafiti Hans Cory alitoa mwaka 1956 kitabu kizima kuhusu sanamu za udongo za jando na unyago wa Tanganyika. Majirani zetu Wamakonde wanachonga vinyago vya mapiko, na kwenye vile vya zamani wanabandika nywele za binadamu kabisa. Mimi na wigi langu la rasta nilijiona nimevumbua kitu.

Unaona, basi? Kumshika mwanasesere ukiwa mtu mzima si uzungu na si wazimu. Ni kitu ambacho bibi zetu walikipa nafasi, muda, na watu wa kukaa nawe ukikifanya. Mimi nilikuwa nakifanya peke yangu, usiku, na mlango nimeurudishia.

Hapo ndipo nikajitoa mhanga. Nikamwambia: "Bibi, najua unataka kitukuu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mke mwenzangu, huku kwetu mtoto anafuata kwa mama. Ukizaa umewaongezea watu kwenu, siyo mimi. Sasa mimi nikukimbize ya nini?" Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi namuonea huruma huyu mume wangu. Amekonda. Alipompoteza yule mtoto, nani alimpa pole?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kukumbuka mtu mmoja aliyempa mume wangu pole yeye kama yeye, si "mpe pole mkeo". Sikumpata. Hata mimi sikuwemo.

Kazi ya watu wawili

Mume wangu alirudi na tyubu kuukuu la baiskeli iliyokatwa vipande vyembamba, na spoku moja iliyokunjwa ncha kama ndoano. Alikuwa amemweleza fundi tatizo lote, na fundi akalichukulia kwa uzito kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza mjini. "Kasema mpira usizidi upana wa kidole cha mwisho," mume wangu akaripoti, "na tuupake unga ili upite."

Nikuibie siri: kuna kazi kwenye hobi hii ambayo peke yako ni mateso, nayo ni kumvuta lastiki mwanasesere. Lazima mmoja avute kwa ndoano huku mwenzake akishikilia miguu na kupachika. Mwaka wa kwanza nilijaribu peke yangu nikajikata kidole. Siku ile mume wangu akavuta, mimi nikapachika. Mara tatu mpira ukaponyoka na kumchapa mkononi. Mara ya nne kichwa kikakaa. Tyubu la baiskeli ni gumu. Mwanasesere akasimama wima, kifua mbele, kama askari wa gwaride. Watoto waliokuwa wanachungulia nyuma ya jiko wakapiga makofi. Yule kasichana akaja kumgusa mguu, kuhakikisha.

Usiku, Bibi akiwa ameshalala, tulibaki mkekani nje. Nikamuuliza kuhusu kumgeuzia ukutani.

Alikaa kimya muda mrefu. "Nilikuwa naona umepata wa kulia naye," akasema. "Mimi huniiti."

"Mimi nilidhani wewe umeshasahau."

"Nilikuwa nimeshampa jina."

Miaka mitatu, msomaji. Tumelala kitanda kimoja miaka mitatu, na mimi sikujua kwamba yule mtoto alikuwa na jina. Akalitaja. Sitaliandika hapa, hilo ni letu. Tulizungumza mpaka jogoo wa kwanza, na si yote yalikuwa matamu. Alisema mambo kuhusu mimi na kazi yangu ambayo bado yananichoma, na mimi nikasema ya kwangu. Lakini tuliyasema.

Akiisha, njoo

Sina habari njema ya kukumalizia, kama ya kwenye filamu. Sina mimba. Siku nyingine tunarudia ukimya wetu, mmoja wetu akigundua anamwambia mwenzake, "Unaniacha tena." Ila mwanasesere hajawahi kugeuziwa ukutani. Niliporudi Dar nilimtoa ule mpira wa tyubu nikamtia lastiki yake sahihi, na aliyeshika ndoano ni mume wangu. Sasa ana maoni. Anasema nyusi za kushoto ziko juu.

Pembeni yake amekaa mtoto wa gunzi. Nilipompokea nilimwambia Bibi nitamtunza milele, akanishangaa. "Milele? Gunzi linaliwa na wadudu hilo. Akiisha, njoo nikufanyie mwingine. Njoo mwezi wa tatu, mahindi yakiwa mabichi, tumpate mwenye nywele zake mwenyewe."

Wadudu wameshaanza. Juzi nilikuta unga mdogo wa kahawia kwenye rafu, chini ya miguu yake. Tumeshaomba likizo, wote wawili, mwezi wa tatu.

Ukitaka kuanza, dondoo tano

1. Anza na mdogo. Wa sentimita 30 ni nafuu zaidi, na kitambaa chake kinapatikana kwenye mabaki ya fundi yeyote.
2. Vaa barakoa unapopiga msasa. Vumbi la rezini si la kuvuta. Tumia msasa wa maji, na fanyia kazi nje.
3. Mkinge na jua. Rezini hugeuka rangi, hasa nyeupe huwa ya njano. Mpige picha, mrudishe kivulini.
4. Beba lastiki ya akiba na ndoano. Ikishindikana, fundi baiskeli yupo, lakini usiuache mpira mweusi ndani muda mrefu, unatia madoa.
5. Mwambie mwenzako. Si bei tu. Mwambie ulianza lini na kwa nini, halafu muulize na yeye amekuwa akifanya nini na mikono yake.